Ada ya wakala iandikwe kabla bango la "Inauzwa" halijatundikwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu, hasa wazee wanaojiandaa kuuza nyumba zao za Nairobi na kurudi mashambani, jambo lililoisumbua familia yetu mwaka uliopita: namna ada ya wakala wa nyumba inavyohesabiwa, wakati inapopaswa kulipwa, na mtu anayestahili kuipokea.

Mama yetu aliishi Buruburu kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipoamua kuuza nyumba yake alikubaliana na wakala kwa mdomo tu, wakiwa wameketi sebuleni wakinywa chai, kwamba atamlipa asilimia 3. Hakuna aliyeuliza ni asilimia 3 ya nini. Nyumba ilitangazwa kwa shilingi milioni 12, na baada ya miezi kadhaa ya kuvutana na wanunuzi ikauzwa kwa shilingi milioni 10.5. Ankara ilipoletwa, tulikuta wakala amepiga hesabu kwa bei ya tangazo, yaani shilingi 360,000, kisha akaongeza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, shilingi 57,600, na kufikisha jumla ya shilingi 417,600. Kwa bei ambayo nyumba iliuzwa kweli, ada pamoja na kodi hiyo ingekuwa shilingi 365,400. Tofauti ni shilingi 52,200, na kwa mjane anayetegemea pensheni, hizo ni fedha za dawa za miezi mingi.

Kuhusu VAT sina budi kumtendea wakala haki. Ingawa uuzaji wa nyumba ya kuishi hautozwi kodi hiyo, huduma ya wakala hutozwa, na wakala aliyesajiliwa kuikusanya hana hiari katika jambo hilo. Tulichokilalamikia ni kwamba hakuitaja hata mara moja hadi siku ya ankara. Muuzaji na aulize tangu mwanzo kama asilimia anayotajiwa imejumlisha VAT au la, na aombe kuona cheti cha usajili wa kodi hiyo, kwa sababu asiyesajiliwa hana ruhusa ya kuitoza.

Lililotuumiza zaidi ni wakati wa malipo. Mnunuzi alipoweka asilimia 10 ya bei, shilingi 1,050,000, wakala alitaka ada yake yote siku hiyo hiyo, akisema kazi yake imekwisha. Lakini fedha hizo hazikuwa mikononi mwa Mama. Zilikuwa kwa wakili, na kwa desturi ya mauzo ya nyumba hapa kwetu hubaki huko mpaka mauzo yakamilike, muda ambao mara nyingi huwa siku 90. Katika siku hizo mnunuzi anaweza kunyimwa mkopo na benki, au cheti cha kuthibitisha kwamba kodi za ardhi zimelipwa kikachelewa, na mauzo yakavunjika. Je, mzee akope ili amlipe wakala kwa fedha ambazo bado hajazipokea? Naona ni haki ada ilipwe mauzo yanapokamilika, na ikiwa wakala anataka sehemu yake mapema, basi sehemu hiyo itajwe kwa tarakimu, na ielezwe itarudishwaje mauzo yakivunjika.

Kabla hatujamaliza hayo, akajitokeza dalali wa mtaani aliyedai kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha mnunuzi lango letu kwa mara ya kwanza, naye akataka ada yake kamili. Hapa ndipo wauzaji wengi hulipa mara mbili. Ukiwapa mawakala watatu nyumba moja, kila mmoja atadai kwamba mnunuzi ni wake, na kesi ikifika mahakamani swali kubwa huwa ni juhudi za nani hasa ndizo zilizozaa mauzo. Ukimpa mmoja peke yake, maandishi yaseme uwakala huo wa pekee utadumu kwa muda gani, na itakuwaje ukimpata mnunuzi mwenyewe, tuseme jirani au ndugu wa kanisani. Sisi tulibishana kwa wiki tatu. Mwishowe wakala alikubali kuhesabu kwa bei halisi na kumgawia dalali kutoka katika ada yake mwenyewe, lakini alifanya hivyo kwa hisani, kwa maana hatukuwa na karatasi ya kumshurutisha.

Nikilitafakari jambo hili naona uzembe wetu waziwazi. Sheria inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na ushuhudiwe, nasi tulimtafuta wakili kwa ajili hiyo bila kusukumwa na mtu. Makubaliano na wakala, yanayogusa mamia ya maelfu ya shilingi, tukayaacha hewani. Wala hatukuuliza kama amesajiliwa. Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, iliyotungwa mwaka 1984, inamkataza mtu kufanya kazi hiyo bila usajili wa bodi iliyoundwa na sheria hiyo, na aliyesajiliwa haoni taabu kukuonyesha cheti chake.

Wauzaji wasichanganye ada hii na gharama nyingine. Ushuru wa stempu, yaani kodi ya kuhamisha umiliki, asilimia 4 hapa jijini, ni wa mnunuzi. Kodi ya faida ya mtaji, yaani ya faida mtu anayopata akiuza mali, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwezi Januari 2023, ni ya muuzaji, lakini mtu aliyeishi katika nyumba yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha husamehewa. Mama alikuwa ameogopeshwa na kodi hiyo hadi akakaribia kushusha bei zaidi, kumbe haikumhusu. Kwa anayeuza nyumba ya kupangisha, risiti ya ada ya wakala itunzwe vyema, kwani ada hiyo hutolewa katika hesabu ya faida inayotozwa kodi.

Ombi langu kwa bodi inayosajili mawakala ni moja: itoe fomu ya makubaliano ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye nafasi ya kujaza asilimia, bei itakayotumiwa katika hesabu, VAT, siku ya malipo na muda wa uwakala, na imtake kila wakala aliyesajiliwa aijaze pamoja na muuzaji kabla ya kutundika bango.

Mkazi wa Buruburu,
Nairobi