Kabla ya mnyororo, nunua dawa ya minyoo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wasomaji wa Tabora wanaojiandaa kuchukua mtoto wa mbwa. Mavuno yakishaingia na shule zikifungwa, nyumba nyingi huleta mlinzi mpya, na kinachonunuliwa kwanza karibu kila mara ni mnyororo. Mbwa wa miezi miwili hana haja nao. Kinachomuua umri huo ni minyoo, kuhara damu na chakula kibaya, na fedha ya kwanza ielekezwe huko.

Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Siku ya kumchukua, uliza amezoea kula nini na amepewa dawa gani, lini. Kama kwako aliwahi kufa mbwa kwa kuhara damu mwaka huu, subiri. Virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara huko, hukaa ardhini miezi mingi, hata kufikia mwaka. Sakafu ya saruji inaweza kusafishwa: ioshe kwa sabuni kwanza, halafu mwagia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, uiache dakika 10. Kwenye udongo dawa hiyo haifanyi kazi.

Minyoo haisubiri mbwa akue. Humwingia akiwa bado tumboni, na mingine humfuata kwenye maziwa ya mama, ndiyo maana hata aliyezaliwa ndani ya nyumba safi huwa nayo. Dawa huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki 8, kisha kila mwezi hadi atimize miezi 6. Mara nyingi anakuja kwako bila kupewa chochote, hivyo mpe siku za mwanzo na urudie baada ya wiki mbili. Vidonge vingi vya mbwa vimepimwa kimoja kwa kilo 10. Soma kibandiko, na umpime kweli. Mweke kwenye kikapu, ning'iniza kwenye mizani ya dukani, toa uzito wa kikapu. Kukata kipande cha kidonge cha ng'ombe kwa kukisia ni hatari.

Chanjo ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa) huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16. Wengi huishia sindano ya kwanza. Kinga aliyonyonya kwa mama huizima ile ya kwanza, kwa hiyo anayechanjwa mara moja anaweza kuugua kama asiyechanjwa. Ya kichaa cha mbwa apewe akiwa na miezi 3, arudiwe baada ya mwaka, na kadi itunzwe. Dukani tazama chanjo inatoka wapi: iwe kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, nawe uibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu, ikiwa imefungwa kitambaa isiguse barafu ikaganda. Iliyokaa kaunta tangu asubuhi usiinunue.

Chakula kinatuuma zaidi. Mahindi yakichambuliwa, yale yenye ukungu huwekwa kando: "haya ya mbwa." Ukungu huo huacha sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Ini la mbwa halihimili. Anaacha kula, anatapika, ufizi na weupe wa macho unageuka manjano, na mdogo hufa haraka. Karanga zilizooza ni hivyo hivyo. Mahindi usiyoweza kumpa mwanao usimpe mbwa.

Ugali mtupu nao haumjengi mifupa. Miguu ya mbele hupinda. Dagaa wa Kigoma wanaokuja na treni wanafaa sana kwa sababu huliwa na mifupa yao. Waloweke, waoshe maji mawili au matatu mchanga na chumvi vitoke, wachemshe, waponde, changanya konzi moja na konzi mbili za ugali laini. Mpe mara 4 kwa siku hadi miezi 3, mara 3 hadi miezi 6, kisha mara 2. Badilisha chakula alichozoea kidogo kidogo kwa siku tano au zaidi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Maji safi yanamtosha. Mchuzi wenye vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa vikae mbali naye.

Bakuli ziwe mbili, nzito, za udongo au bati. Kwa ndugu zetu wa Urambo, Kaliua na Sikonge: kopo la dawa ya tumbaku halioshwi likawa la maji ya mbwa, hata likisuguliwa kwa majivu.

Kwa kulala, gunia safi au shuka la mtumba vinatosha. Zifue kila wiki, na wakati wa mvua zipige pasi pande zote mbili, kwa maana yuko inzi anayetaga kwenye nguo mbichi na mchanga. Mabuu yake hujichimbia ngozini na kuota jipu lenye tundu katikati. Kupe watoe kwa kibano, uwatupe kwenye maji ya sabuni. Dawa ya josho la ng'ombe humlegeza mtoto wa mbwa, akayumba, akapoa mwili, hasa akijilamba.

Shingoni mvalishe mkanda laini wa kitambaa wenye kifungo cha kukaza na kulegeza. Kamba ya manila na waya havitanuki shingo inapokua: huzama ndani ya nyama chini ya manyoya, na mwenye nyumba hujua kwa harufu, inzi wakiwa wameshafika. Kila Jumapili pitisha vidole viwili kati ya mkanda na shingo. Visipopita, legeza hapo hapo.

Wahudumu wa mifugo,
Tabora Mjini