Mfuko wa saruji kwenye mizani

Igombe, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako ya Jumapili niliipokea, marahaba. Nyumbani tu wazima. Mbalamwezi imeingia, mitumbwi ya dagaa imepumzika, ndipo nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Kuna neno ulilisema kwenye simu likanikaa moyoni. Ulisema kanuni ya kuelea umeikariri yote, alama umepata, na ulipotoka tu kwenye mtihani ikakutoka. "Si ya mtihani tu, mama?" Sikukujibu, maana salio lilikuwa linaisha na jambo lenyewe si la kujibiwa mbiombio.

Mwanangu, kanuni hiyo huku ziwani ina makaburi. Tarehe 21 Mei 1996, nikiwa darasa la sita, MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo tu ifike Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Ukipita Igoma utayaona makaburi yao. Meli ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Tangu siku ile najiuliza: kuhesabu abiria kunahitaji shule gani? Hesabu hiyo hata mimi wa darasa la sita ningeiweza. Aliyekosekana ni mtu wa kusema "haiondoki" na akasimama hapo hapo hata akizomewa.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijakueleza. Wakati tunajenga chumba chako, nilikuwa nanunua dagaa kwa kina mama wa visiwani kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ambao sitautaja. Magunia yalipimwa kwenye mizani ya pale. Siku moja nilikuwa na mfuko wa saruji, kilo 50, haujafunguliwa. Nikakumbuka mwalimu wangu wa darasa la tano, aliyekuwa akituambia: usiamini kipimo mpaka umekipima kwa kitu unachokijua. Nikaupandisha ule mfuko. Mshale ukasimama kwenye 46.

Nikaushusha, nikaupandisha tena. 46.

Maana yake, kila gunia la kilo 50 nililonunua, kilo nne sikuzilipia. Magunia kumi, kilo arobaini. Na mama aliyezipoteza alikuwa amekesha akianua dagaa zisilowe mvua. Mimi ndiye niliyekuwa nafaidika, mwanangu, na nilinyamaza wiki nzima. Nilikuwa na deni la bati. Kila asubuhi nilijiambia mizani si yangu.

Siku ya nane akaja mama mmoja wa Ukerewe, mtu mzima, hajui kusoma. Akasimama mbele ya ile mizani, akanitazama usoni, akaniuliza, "Inasemaje, mwanangu?" Hakuitazama mizani kabisa. Alinitazama mimi. Nikamwambia inasema 46, na inasema uongo. Nikamlipa 50. Wenzangu walinikasirikia, mwenye mizani akanifukuza, nikahamia mwalo mwingine. Wale niliowapunja kabla niliwafuata mmoja mmoja. Wawili sikuwapata mpaka leo.

Akili ilinionyesha kosa siku ya kwanza. Tabia ilichelewa siku saba. Hizo siku saba ndizo ninazokuandikia.

Babu yako alipenda kutuambia kwamba mwaka 1967, kwenye andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikataa shule ya msingi iwe mahali pa kuchuja tu watoto wa kwenda sekondari. Alitaka mtoto atoke na akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine, na ajiamini. Wengi wetu tulichukua cheti, hayo mengine tukayaacha. Sikulaumu wewe peke yako. Sisi wazazi ndio tunaouliza "umekuwa wa ngapi?" kabla hatujauliza "umeelewa nini?" Hata mimi Jumapili nilianza na hilo la kwanza.

Sikatai alama, zitafute. Ada tunalipa kwa jasho, na kazi utaihitaji. Lakini siku moja utakuwa wewe uliyeshika mizani, au dawa, au daftari la abiria, na mbele yako kuna mtu asiyejua kusoma anakutazama usoni.

Nimekutumia dagaa waliokaangwa; gawana na wenzako wa bwenini. Likizo ukija, utamweleza mdogo wako kwa nini mtumbwi wa mbao nzito unaelea na msumari mmoja unazama. Bila daftari. Beseni la maji litakuwa tayari uani, na mimi nitakaa pembeni nisikilize, maana hata mimi nataka kujua.

Mama yako