Barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi, Kaunti ya Nakuru: Muulizeni pia anayetusaidia kutafuta

Afande,

Mwaka juzi mtoto wa jirani yangu, msichana wa miaka sita, alitumwa chumvi saa kumi na mbili jioni na hakurudi. Kufikia saa mbili usiku ploti nzima ilikuwa nje na tochi za simu. Aliyetangulia mbele alikuwa kijana wa ploti ya pili. Ndiye aliyetafuta bodaboda yenye kipaza sauti, ndiye aliyechangisha pesa za mafuta, ndiye aliyemshika mkono mama wa mtoto hadi kituoni. Kituo sitakitaja. Tuliambiwa turudi kesho, saa 24 zikiisha, ingawa hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mzazi asubiri hivyo. OB, yaani daftari la matukio la kituo, haikufunguliwa.

Tukarudi kutafuta wenyewe. Vumbi la Nakuru unalijua. Kama palikuwa na nyayo, tulizikanyaga zote. Tulipofika ploti ya kijana yule alisema ameshaipekua chumba kwa chumba. Tukapita.

Wakati huo sisi tulikuwa tumeshapata mtu wetu: mzee wa vyuma chakavu, hana mke, hana rafiki, hujisemesha njiani. Vijana walimpiga kando ya mtaro hadi akang'oka meno mawili. Hakujua lolote.

Siku ya tatu mama mboga wa kona aliniambia, huku akikatakata sukuma bila kuinua macho, kwamba jioni ile alimwona mtoto akila mandazi, ameshikwa mkono na kijana wa kipaza sauti. Mbona hukusema? "Nani aliniuliza? Na ningeanzia wapi, naye ndiye anatafuta?"

Mtoto alipatikana Salgaa, akiwa hai. Mengine ni ya korti.

Kikulacho ki nguoni mwako: tuliifunzwa shuleni, tukaiandika kwenye insha, tukaiacha huko. Mgeni tunamshuku kwa sura yake, wa kwetu tunamdai ushahidi. Masten Wanjala, aliyekamatwa Julai 2021 na kukiri kuua watoto zaidi ya kumi, hakuwaendea kama jambazi. Alijifanya kocha wa kandanda, na mtoto gani hamfuati kocha? Alipotoroka seli Nairobi Oktoba hiyo, umati ulimuua kwao Bungoma, na wazazi wakakosa kesi ambayo ingewaeleza yaliyowapata watoto wao. Uingereza nao walipitia yao. Mwaka 2002, wasichana wawili wa miaka kumi walipotea mjini Soham. Mtunzaji wa shule, Ian Huntley, alisimama mbele ya kamera akisimulia jinsi walivyopita kwake, uso umejaa huruma. Karibu wiki mbili zilipita kabla hajakamatwa. Nguo za watoto zilipatikana katika jengo la shule aliyoitunza.

Anayejitokeza kusaidia hupata mengi kwa bei rahisi, Afande. Hujua tutapekua wapi na nani ameona nini. Shahidi naye humwonea haya.

Sisemi kila msamaria akamatwe. Wengi wetu usiku ule tulitoka kwa uchungu tu, na mimi nilikuwemo. Naomba ripoti ya mtoto iandikwe saa ileile, na kabla watu hawajatawanyika, askari mmoja aketi na daftari amuulize kila mtu: ulimwona lini mara ya mwisho, ulikuwa wapi, na nani? Aanze na baba, mjomba, mwenye ploti, mwalimu wa madrasa au Sunday school, nami pia. Wote wakiulizwa sawa, hakuna wa kuona ametukanwa. Mama mboga aulizwe peke yake, mbali na macho yetu. Na kila ploti ipekuliwe na polisi, hata ile tuliyoambiwa imeshapekuliwa.

Na atakayetajwa apelekwe kituoni akiwa salama, kabla vijana wetu hawajamfikia.

Mzee wa vyuma bado hupita hapa na mkokoteni wake. Akiona watoto wanacheza, huvuka barabara.

Mkazi wa Nakuru