Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa bili za umeme

Ndugu wanachama wabanguaji korosho,

Ada mwaka huu mmelipa vizuri, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nina la umeme, maana ndilo lililotukutanisha mara tatu tangu msimu uishe, na nililikosea mwenyewe kabla ya mtu mwingine.

Mwezi wa tano kiwandani kwangu hapakuwa na korosho hata punje. Fundi alikuwa amemaliza kurekebisha mashine, nikataka kuiona kazi yake. Tukawasha tanuri, kompresa na mashine za kubangua, zote pamoja, saa moja tu, kisha tukafunga. Bili ilipokuja nilikwenda TANESCO kugomba. Aliyenipokea alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akaweka kidole kwenye mstari ambao miaka yote nilikuwa naupita: kVA 80.

Sisi wa kundi la T2, yaani wateja wa umeme wenye matumizi makubwa, tunalipia hasa vitu viwili. Uniti ni umeme uliotumika. kVA ni mzigo mkubwa kuliko wote ulioubebesha mtandao mwezi ule, hata kama ni siku moja. Kwa bei za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, za mwaka 2016, ambazo ndizo nilizopigia hesabu, uniti ni shilingi 195 na kVA moja ni 15,004. Saa yangu ile ilikula uniti kama 64, yaani shilingi 12,480. Hizo kVA 80 zikawa shilingi 1,200,320, na hapo VAT na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA hazijaingia. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea vijana wazime taa za stoo!

Wengi tuliamini kosa ni ule mshtuko wa mota inapowashwa. Sivyo. Mita huchukua wastani wa dakika 15 au 30, kutegemea ilivyopangwa, kwa hiyo sekunde chache za kuwasha hazina uzito mkubwa. Kinachopandisha ni mashine kubwa kuendelea kwenda kwa pamoja. Mwenzetu mmoja wa Mikindani alipoacha kukausha na kumenya kwa saa zilezile, kVA zake zilishuka na korosho ikatoka kiasi kilekile.

Lipo pia la pawa fakta, yaani sehemu ya mzigo uliobebeshwa mtandao ambayo kweli inafanya kazi. Mota kubwa iliyopewa kazi ndogo huishusha. Mzigo wa kilowati 60 kwenye pawa fakta ya 0.7 unasomeka karibu kVA 86. Ukifunga kapasita, vifaa vya kuipandisha pawa fakta, zikaifikisha 0.95, unasomeka kama 63. Tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi 330,000 kwa mwezi. Ila afunge fundi anayejua kupima, si wa kubahatisha.

Wenye matumizi ya wastani yasiyozidi uniti 7,500 kwa mwezi wako T1: hawana kVA, lakini kwa bei hizohizo uniti yao ni 292.

Kila kikao yupo anayeuliza kwa nini gesi ya kuzalisha umeme itoke Mnazi Bay, hapa kwetu Mtwara, na bei ya umeme iwe ileile ya Dar es Salaam. Bei ni moja nchi nzima. Nami linaniuma, lakini si la kuamuliwa na mkutano huu.

La kuamua leo ni kama chama kinunue kifaa kimoja cha kurekodi mzigo, kizunguke viwandani kwetu kwa zamu kabla ya minada ya korosho ya Oktoba. Anayetaka kuwa wa kwanza alete bili zake za msimu uliopita kwa katibu.