Mo Amin na picha tunazozifuta Mwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimkumbuke Mohamed Amin, mpiga picha za habari wa Kenya, au Mo kama alivyozoeleka. Kila ifikapo Novemba 23 wapo wanaomtaja kwa kifo chake: mwaka 1996 ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda Addis Ababa kurudi Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, naye akiwamo. Wengine humtaja kwa njaa ya Ethiopia, maana picha zake za mji wa Korem huko zilizooneshwa Oktoba 1984 ndizo zilizoishtua dunia.

Mimi napiga video za harusi na mahafali hapa Mwanza, na ninayemkumbuka ni Mo mfanyabiashara. Alizaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na ni huko Dar, mwaka 1963, alikofungua kampuni yake ya picha, Camerapix, akiwa kijana wa miaka kama 20. Hakuishia kuyauzia picha mashirika ya habari ya nje. Alichapisha vitabu, akachapisha na jarida la kusomwa ndani ya ndege. Mapinduzi ya Zanzibar, Uganda ya Idi Amin, Hija ya Makka, vyote alivipiga na akajijengea hifadhi yake mwenyewe. Watu husifu ushupavu wake, na ni haki yake: alifungwa Zanzibar mwaka 1966 na hakuacha kazi, mwaka 1991 akapoteza mkono wa kushoto ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, akawekewa wa bandia, akarudi kwenye kamera. Mimi naisifu zaidi ile hifadhi.

Sisi je? Mteja akishakabidhiwa flashi yake, wengi wetu tunafuta kadi ili Jumamosi tupige harusi nyingine. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kivuko kikakosa kazi. Zile foleni za magari, akina mama wakiinua beseni za mayai ya kuchemsha hadi dirisha la basi, chumvi na pilipili zimefungwa kwenye vipande vya gazeti, nani anazo? Na pale tulipita sana tukisindikiza maharusi wa Sengerema na Geita. Nimewauliza wenzangu wa studio. Kila mmoja anakumbuka kupiga, picha hana.

Naiomba Halmashauri ya Jiji itusaidie kupata kompyuta moja na diski kubwa pale Maktaba ya Mkoa. Kila mwenye studio apeleke nakala mara moja kwa mwaka, ila haki ya picha ibaki yake, na anayetaka kuitumia amlipe. Hilo la malipo lisiachwe, la sivyo hakuna atakayeleta kitu. Tuanze na mwalo wa Kirumba, dagaa wakishushwa alfajiri na madalali wakipandishiana bei. Miaka 20 ijayo video hiyo itapata wanunuzi wengi kuliko harusi zetu zote.

Mpiga video,
Nyamanoro, Mwanza