Kabla ya kuifunga injini ya Mazda RX-8 kwenye ndege, pita gereji ya Gerezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia gereji na picha kwenye simu: ndege ndogo ambazo watu wa Marekani hujiundia nyumbani, zimefungwa injini ya rotari ya Mazda, ile 13B, ambayo badala ya pistoni ina rota za pembetatu zinazozunguka. Akataka nimtafutie ya gari la RX-8 naye aunde yake. Suala la kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga silisemi, lina wenyewe. Mimi nilimwinamisha chini ya meza yangu nikamwonyesha chuma.

Miaka michache nyuma mteja aliniletea RX-8 iliyoishiwa nguvu. Nikapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, kwa geji yetu ya kawaida, namba ikaja nzuri. Wiki nzima nikahangaika na plagi na koili. Kumbe rota ina pande tatu, na geji ile hubaki na namba ya upande ulio mzima. Pande mbili mbovu zilikuwa zimejificha. Kufungua, sili moja ya ncha, ule ukanda wa chuma kwenye kona ya rota unaoziba kati ya pande hizo mbili, imepinda. Sili kama hiyo mara nyingi hupindwa na joto, hilo nalijua tangu nikiwa spana boi, lakini mteja alikuwa akinipigia simu kila saa. Nikaweka sili mpya, nikafunga, nikala hela. Rejeta, inayopoza maji ya injini, sikuigusa.

Wiki ya tatu gari likarudi kwa kuvutwa. Rejeta ilikuwa imeziba kwa kutu, maana mwenyewe alikuwa akijaza maji ya bomba tu. Injini ikachemsha, raba za kuzuia maji zikaungua, nyumba ya rota, lile kasha ambalo rota huzunguka ndani yake, ikapinda, sili ikavunjika na kuchana kromu ya ndani. Silinda ya pistoni ningeipeleka kwa mtu wa mashine aitanue, nifunge pistoni za ovasaizi, mambo yaishe. Nyumba ya rota si duara. Umbo lake ni kama ganda la karanga lenye mbegu mbili. Ikichanika vile unanunua nyingine. Nililipa mimi.

Na hilo ni gari, linalokanyagwa mafuta sekunde chache kisha linapumzika kwenye foleni ya Mwenge. Ndege hupaa kwa nguvu zote, na ikifika juu bado inafanya kazi nzito muda wote. Rotari naisifu kwa jambo moja: sili ikivunjika, mara nyingi inaendelea kuzunguka kwa nguvu pungufu, rubani akapata muda wa kutafuta pa kutua. Konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ikikatika, hupati nafasi hiyo. Ila huyo aliyetua salama akibadili sili tu bila kutafuta joto lilikotoka, atakuwa amefanya kama mimi, na safari ya pili hana bega la barabara la kuegesha.

Kijana alilaza rula juu ya ile nyumba iliyopinda, akaona mwanga ukipita chini yake. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza rejeta mpya ni shilingi ngapi.

Fundi magari,
Gerezani, Dar es Salaam