Barua kwa mwanangu: jibu la swali ulilouliza mlangoni

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku, nilipokuwa nikifunga daftari langu, ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, mwaka umeisha. Umefaulu au hukufaulu?" Nikakuambia ni habari ndefu. Ukasema haya, ukaenda kulala. Swali hilo halijaniacha tangu hapo, na nimeona haya kwamba wateja wangu nawajibu siku ileile ila wewe nilikuahirisha. Basi jibu ni hili, pamoja na yale ambayo si mazuri kuyasema.

Ulikuwa na miaka 11 siku niliporudi na sanduku la vitabu kutoka ofisini. Kwa miaka tisa nilikuwa nimehariri maandishi ya watu kwa mwajiri mmoja. Nilikuambia naacha kazi ili saa zangu ziwe zangu, na kwamba sasa utaniona zaidi. Ulinikumbatia kiunoni ukakataa kuniachia. Nakumbusha hilo mapema kwa sababu kila nitakachosimulia hapa chini kinarudi kwenye ahadi ile.

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijapata hata mteja mmoja. Nilichukua mshahara wangu wa mwezi nikaugawa kwa saa 160, yaani saa 8 kwa siku 20, nikasema hiyo ndiyo bei ya saa yangu. Niliona ni haki kwangu na kwa mteja. Miezi minne ilipita kabla sijaelewa kwa nini nafanya kazi hadi usiku na bado nakopa. Ule mshahara ulikuwa unalipia mengi nisiyoyaona: likizo, siku za homa, saa za kusubiri maandishi ya mtu aliyechelewa. Kulikuwa na mtu mwingine aliyetafuta kazi, mwingine aliyeandika ankara na kudai madeni, na fundi aliyekuja kompyuta ilipogoma. Sasa wote hao ni mimi, na hakuna anayewalipa. Nilipoanza kuandika saa zangu moja moja, nikakuta kwamba kati ya 8 ninazokaa mezani, zinazolipwa ni 4, au 5 siku ikiwa njema. Hesabu hii hata wewe unaiweza: kama ni nusu tu ya saa zako inayolipwa, na unataka kipato kilekile, bei ya saa lazima iwe mara mbili. Na hapo bado kodi na akiba ya uzeeni, vitu ambavyo zamani vilikatwa kabla mshahara haujanifikia.

Kupandisha bei kuliniogopesha kuliko kuacha kazi. Niliandika barua kwa wateja watatu, nikakaa nazo wiki nzima bila kuzituma. Nilipozituma, mmoja aliondoka. Wawili walikubali bila neno, na nikajua kwamba hofu ile yote niliibeba peke yangu.

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo, ila niliandika fedha tu. Nikasoma habari za Luca Pacioli, mtawa na mwalimu wa hisabati, ambaye mwaka 1494 alichapisha huko Venice maelezo ya jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu zao. Waliandika kila jambo mara mbili. Kitu kikiingia upande mmoja, lazima ionekane upande wa pili kimetoka wapi, na pande zote mbili zilingane. Wahasibu wa dunia nzima bado wanafanya hivyo hadi leo. Niliposoma hayo nilitulia kidogo, kisha nikachora safu ya pili kwenye daftari langu la saa. Upande wa kushoto: saa tatu za mswada wa fulani. Upande wa kulia: zimetoka wapi?

Mwanangu, upande ule wa kulia ulinitia uchungu. Saa za usiku zilitoka kwenye usingizi wangu, na hizo ni zangu, nina haki ya kuzitumia. Lakini Jumamosi nne mfululizo za mwezi wa tatu zilitoka kwako. Jioni uliyotaka nikusikilize ukisoma ilitoka kwako. Ulikuwa ukigonga mlango ukiuliza, "Umemaliza?" nami nikijibu, "Bado kidogo." Baada ya muda uliacha kugonga. Siku ulipoacha sikuigundua hata tarehe yake, haimo daftarini.

Nilitaka kujua kwa nini hiyo "kidogo" yangu ilikuwa ndefu kiasi hicho, kwa sababu sikuwa nakudanganya. Niliamini kila mara nilipoisema. Mwaka 1994 watafiti watatu, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, walichapisha utafiti wao juu ya jambo hili hasa. Waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao kwamba itawachukua siku ngapi. Kwa wastani wanafunzi walisema 33.9. Wakaulizwa tena: je, mambo yote yakienda mrama kabisa? Wakasema 48.6. Ikawachukua 55.5. Hata walipojaribu kuwaza mabaya yote, walipungukiwa na karibu wiki nzima. Tunapokadiria kazi tunaitazama kazi yenyewe, tunaona hatua zake zikifuatana vizuri, na hatutazami nyuma kuona kazi za aina hiyo zilituchukua muda gani kweli.

Ndivyo nilivyokuwa. Mswada wa kurasa 300, nikasema siku 10, ukachukua 17. Uliofuata nikasema tena 10. Sasa kabla sijamtajia mteja siku, nafungua daftari na kutafuta mswada unaofanana na wake, kisha namtajia idadi ile hata kama moyo unaniambia safari hii nitakuwa mwepesi zaidi. Wengine hawafurahi. Mmoja alikwenda kwa mhariri aliyemwahidi wiki moja. Naumia nikimpoteza mteja, lakini siku 7 zile zilizozidi zililipwa na mtoto ambaye hakusaini mkataba wowote.

Kuhusu malipo kuchelewa sitakuchosha. Ankara iliyoandikwa siku 30 ililipwa baada ya siku 70. Mwezi wa tano daftari lilisema nina faida na mfukoni hamkuwa na kitu. Siku hizi nachukua nusu kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Anayekataa kutoa nusu, mara nyingi ndiye ambaye angenisumbua kwa nusu ya pili.

Sasa nikueleze habari ya makala, maana najua hiyo ndiyo uliyotaka kuisikia zaidi na ndiyo ngumu zaidi kwangu.

Nilipoanza kujitegemea niliamua kuandika makala moja kila wiki na kuiweka mtandaoni, kila Jumapili, ili watu wajue kwamba nipo. Za mwanzo zilihusu ujasiri wa kuacha kazi. Nilizipenda sana. Wasomaji walikuwa wachache, na sasa nikizirudia naona sababu: mtu mwenye mswada mkononi ana shida yake, na mimi nilikuwa nikimweleza shida zangu. Mabadiliko yalikuja siku nilipochoka kumwandikia kila mteja mpya maelezo yaleyale, nikayageuza kuwa makala. Kwamba kuhariri na kusoma prufu ni kazi mbili tofauti. Kwamba mhariri anaweza kukuambia sura ya nne ije mwanzoni, au mhusika huyu hatuhitaji, na kwamba hayo yafanywe mapema mswada ukiwa bado udongo laini. Msomaji wa prufu huja mwishoni kabisa, kurasa zikiwa zimeshapangwa, kutafuta herufi iliyoruka na nukta iliyopotea. Anayelipia prufu kwanza kisha akabadilisha sura, amelipa bure. Makala hiyo haina uzuri wowote wa lugha, lakini mwezi wa nane alinijia mwandishi aliyeisoma, na alipofika alikuwa ameshafanya nusu ya kazi ya maandalizi. Hatukubishana hata juu ya bei.

Na kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Miaka tisa nilirekebisha sentensi za watu kwa hisia tu. Nilijua hapa pamekwama, lakini sikuweza kusema kwa nini. Kuandika kila wiki kulinilazimisha kutafuta sababu. Naamini leo mimi ni mhariri bora kuliko nilivyokuwa ofisini, na chanzo chake ni Jumapili zile.

Kisha ikaja wiki moja ya mwezi wa tisa ambayo sikuwa na cha kuandika. Usiku wa jana yake ulikuwa umenisimulia jinsi sauti ilivyokukwama uliposoma mbele ya darasa, wenzako wakacheka. Ulinisimulia gizani, taa ikiwa imezimwa, kwa sababu ulitaka nisikuone uso. Nami kesho yake nikakaa mezani nikaandika kuhusu sentensi ndefu zisizompa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi, na nikaanza na mtoto aliyekwama mbele ya darasa. Sikuweka jina. Niliona nimeandika kwa upendo.

Ile makala ilisomwa kuliko nyingine zote za mwaka zikijumlishwa. Watu walinipongeza. Wawili waliniletea kazi kwa sababu yake, na malipo ya kazi hizo ndiyo yaliyotuvusha mwezi ule. Wewe uliisoma kwenye simu ya rafiki yako. Ulirudi nyumbani, ukasimama palepale mlangoni, ukasema, "Mama, ile ilikuwa ya kwangu."

Nilianza kujitetea. Nilisema jina lako halimo. Ukasema, "Lakini mimi najijua."

Niliiondoa usiku uleule. Sitakudanganya: waliokwisha kuisoma wameisoma, na wengine huenda waliinakili, hilo siwezi kulirudisha. Nilikuomba radhi wakati ule kwa haraka haraka, kama mtu anayefunga jambo. Nakuomba tena sasa bila haraka. Nisamehe, mwanangu. Ulinipa kitu ukidhani umekiweka mahali salama, nami nikakitoa nje kikafanye kazi.

Nilipokuwa nimeajiriwa, kuna mtu mwingine aliyeamua nini kinauzwa na nini hakiuzwi. Ofisi ikifungwa, imefungwa. Nilipotoka, kila kitu kilisogea karibu na meza: usiku wangu, Jumamosi zako, mazungumzo yetu gizani. Hakuna aliyeniambia simama. Wateja hawawezi kukuambia, kwa sababu hawaoni zinakotoka saa wanazopewa. Wewe ndiye uliyeniambia, kwa maneno machache kuliko yote niliyosoma au kuandika mwaka huu.

Tangu siku ile ninayoambiwa nyumbani hayaandikwi. Nikitaka kukutaja hata kwa mbali nakuuliza kwanza, na ukisema hapana sikuulizi sababu. Nimefanya hivyohivyo kwa wateja: zamani nilichukua sentensi mbovu kutoka miswada yao nikazifanya mifano, sasa naziunda mwenyewe tangu mwanzo, hata kama inanichukua saa nzima zaidi. Pia saa kumi na moja jioni naizima kompyuta na mlango unabaki wazi. Katika wiki 10 za mwisho nilishindwa mara mbili. Zote mbili nimeziandika, upande wa kulia, kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo, uliuliza kama nimefaulu. Fedha: mwaka mzima ukijumlishwa umeshuka chini kidogo ya mshahara wangu wa zamani, lakini miezi minne ya mwisho imeupita. Hatutakosa ada wala paa, na sina mpango wa kurudi kuajiriwa. Makala: wiki 52, makala 47, pamoja na ile niliyoiondoa. Ile ahadi niliyokupa nikiwa na sanduku mikononi: nusu ya kwanza ya mwaka niliivunja, na nusu ya pili nimekuwa nikiitengeneza taratibu. Sijui wewe unaihesabuje. Ungeniambia ningefurahi, hata kama hesabu yako ni kali kuliko yangu.

Barua hii nimeiandika kwa mkono. Haimo kwenye kompyuta, na nakala yake ni hiyo moja uliyoishika. Jumamosi sina mswada wa mtu. Ukiamka, sema tu unataka twende wapi.

Mama yako